Kaniki abaki, kazi zigawanywe

Swali: Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 44, naishi Tanga. Nilikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani na sasa nimeanza dripu za dawa za saratani hospitali ya Ocean Road, Dar. Nimeshapata ya kwanza, ile dawa nyekundu, na nimeambiwa zimebaki tatu za namna hiyo kisha zitafuata nyingine. Wifi zangu wawili wamekuja kunisaidia, Mungu awalipe, lakini wameshikilia kwamba paka wetu Kaniki atolewe nyumbani, eti kinga yangu imeshuka na manyoya yake yataniingia mapafuni. Kuku nao wanasema wauzwe. Mwanangu wa darasa la sita halali kwa kulia. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Kongo, na kwenye simu anasema tufuate wanachosema dada zake. Nyumba imejaa watu, ila usiku sina wa kuzungumza naye isipokuwa huyo paka. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa upasuaji, na pole kwa dripu ya kwanza, maana wengi huniambia hiyo ndiyo inayotisha kuliko zote kwa kuwa mtu hajui litakalofuata.

Kaniki abaki. Kuku nao wanaweza kubaki, ila banda lao na mikono yako viachane mpaka matibabu yaishe. Wifi zako hawakukosea kuwa na hofu, kinga yako inashuka kweli. Lakini wanataka kumwondoa paka mzima, wakati kinachotakiwa kukuondokea ni kazi chache ulizokuwa ukizifanya kwa ajili yake na kwa ajili ya nyumba. Kazi hizo wazichukue wao. Hapo watakuwa wamekusaidia, na mtoto hatapoteza kitu kingine mwaka huu.

Dawa nyekundu ya namna hiyo mara nyingi ni doksorubisini, na kwa kawaida huenda pamoja na siklofosfamaidi. Mkojo kuwa mwekundu siku ile na kesho yake ni rangi ya dawa tu, si damu, na maji mengi unayohimizwa kunywa ni kwa ajili ya kukilinda kibofu dhidi ya hiyo dawa ya pili. Zote mbili huua seli zinazojigawa haraka. Za saratani zimo, lakini zimo pia za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa, na za uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa. Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zile zinazoitwa neutrofili, hazina maisha marefu. Zilizokuwemo zikiisha na uboho bado haujajirudi, unabaki na askari wachache sana.

Hali hiyo haidumu mfululizo. Kwa dripu za kila siku 21, kama ninavyodhani zako zilivyo, chembe hizo huwa chini kabisa takriban kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda taratibu. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku hizo kwa kalamu nyekundu, na kila baada ya dripu mpya uzungushie upya. Nyumba nzima ijue kwamba hiyo ndiyo wiki ya kuwa wakali. Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea njia: siku za mwanzo mgonjwa anatapika, anaonekana hoi, kila mtu anakuwa makini. Wiki ya pili anaamka, anacheka, anaomba mishkaki na kachumbari, wageni wanaruhusiwa chumbani, watoto wenye mafua wanamkumbatia. Na hiyo ndiyo wiki damu yake iko chini kuliko zote.

Lipo jambo jingine ambalo wifi zako wanastahili kuambiwa waziwazi. Maambukizi mengi yanayompata mtu aliye kwenye dripu za saratani hayatoki kwa mnyama. Hutoka kwenye mwili wake mwenyewe: bakteria wa utumbo, wa kinywa, wa ngozi, ambao siku zote tunaishi nao bila kugombana. Wengine huletwa na binadamu wenzake, kwa mikono na kwa mafua. Kwa hiyo mswaki laini, kusukutua kinywa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, na ndoo ya maji yenye bomba pamoja na sabuni ya kipande pale mlangoni, vitakulinda kuliko kumpeleka Kaniki sokoni na kumwacha huko.

Manyoya wayasahau. Hayaingii mapafuni yakakaa, wala hayaleti saratani. Mwenye pumu au anayepiga chafya kila akikaa na paka ana neno lake tofauti, lakini wewe hukusema una tatizo hilo.

Sasa tuseme kweli kuhusu paka mwenyewe, maana nisingependa umbakize kwa mapenzi tu. Ana sehemu tatu za kuangalia: kinyesi, makucha na mdomo.

Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplazma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na kwa kawaida hutoa mayai yake kwa majuma machache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Mayai hayo yakitoka huwa bado hayana uwezo wa kuambukiza. Huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo yaive. Kwa hiyo kama Kaniki ana beseni la mchanga ndani, mtu mwingine alisafishe kila siku bila kuruka hata moja, na asiwe wewe. Kama anajisaidia uani kama paka wetu wengi wa Pwani, basi wewe usichimbe bustani, usipalilie mchicha bila glavu, na mboga yoyote ya uani ioshwe vizuri na ipikwe. Chakula chake kiwe dagaa waliochemshwa au makombo yaliyopikwa, si utumbo mbichi wa samaki. Na nikukumbushe kwamba binadamu wengi hukipata kimelea hicho kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, bila ya kumgusa paka. Mishkaki ile ya wiki ya pili ina hatari yake.

Makucha ni habari kubwa zaidi kwako kuliko kwa mwingine, kwa sababu ya mkono wa kushoto. Kama walipokukata titi waliondoa na tezi za kwapani, maji ya mwili katika mkono ule hayasafiri vizuri kama zamani, na mkwaruzo mdogo unaweza kuvimba na kuleta homa kali. Kijana wako amkate Kaniki ncha za kucha, zile nyeupe tu, asifike kwenye sehemu ya waridi yenye damu. Paka akae upande wako wa kulia au miguuni, na wewe vaa kanzu au dera la mikono mirefu. Akikukwaruza, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha patazame kila siku. Pakiwa pekundu, pa moto, au mstari mwekundu ukipanda mkononi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomo: asikulambe usoni, wala kwenye kidonda, wala mahali sindano ilipoingia. Zile siku zilizozungushiwa kwa kalamu nyekundu asilale kitandani mwako. Anaweza kulala kwenye mkeka pembeni, ukamsikia akikoroma. Ukimpapasa, unanawa. Basi.

Na achanjwe kichaa cha mbwa. Paka nao huchanjwa, na ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu itawaelekeza pa kwenda. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda ukachanjwe, na umwambie mhudumu kwamba unatumia dawa za saratani, maana mwenye kinga iliyoshuka hupangiwa chanjo kwa uangalifu zaidi.

Wifi zako waulizwe pia: Kaniki akitoka, panya nani atawafukuza? Panya hukojolea unga na vyombo, na mkojo wao huleta magonjwa ambayo mtu wa kinga ndogo hayawezi. Katika nyumba zetu za Pwani zenye stoo ya nafaka, paka ni sehemu ya usafi.

Kuku ndio ningewasogeza mbali zaidi kuliko paka. Kinyesi chao hubeba salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoendesha tumbo vibaya, na kwako kuharisha si jambo la kusubiri lipite. Wasilale jikoni. Banda lifagiliwe na mtu mwingine, viatu vya bandani vibaki nje, mayai yachemshwe mpaka kiini kikauke. Siku ya chanjo ya kideri, ile ya matone ya jicho, usiwe wewe unayedondosha: ina kirusi hai, na hata mtu mzima wa afya akirukiwa machoni huweza kupata macho mekundu. Kuwauza si lazima. Kama mnahitaji nauli ya basi la Dar, uzeni majogoo wawili watatu. Hiyo ni sababu ya maana kuliko hofu.

Kuna hatari inayokwenda kinyume, yaani kutoka kwako kwenda kwa paka, na watu huisahau. Kwa takriban saa 48 baada ya dripu, dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Ndoo ya kutapikia isiachwe wazi usiku, maana paka atakwenda kunusa na kulamba. Anayeimwaga avae glavu, choo kimwagiwe maji mengi, mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Dawa zako za vidonge zifungiwe kabatini. Na mtu asije akampa Kaniki Panadol siku akiugua, kama nilivyosikia watu wakifanya: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Sasa homa, ambayo ndiyo sababu hasa nimeandika kirefu namna hii. Nunueni kipimajoto cha dijiti, kinapatikana duka lolote la dawa. Pima mdomoni ikiwa huna vidonda, au kwapani upande wa kulia, asubuhi na jioni, na wakati wowote ukihisi baridi au mwili kutetemeka. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni. Ukiona 37.5 kwapani, usiondoke karibu na kipimajoto, rudia baada ya nusu saa. Ikifika 38, popote ulipopima, ni safari ya hospitali, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama unajisikia nafuu. Usimeze Panadol kwanza, kwa sababu itaishusha homa na kuuficha ugonjwa huku bakteria wakiendelea. Usisubiri kupanda basi la Dar asubuhi, nenda hospitali ya Bombo, hapo hapo Tanga, na neno la kwanza kumwambia mtu wa mapokezi, kabla hata ya jina, liwe hili: «Niko kwenye dripu za saratani na nina homa.» Mgonjwa wa namna hii anatakiwa aanze antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike. Hakai foleni ya malaria. Malaria watapima pia, lakini wasisubiri majibu yake ndipo waanze. Karatasi zako za matibabu ziwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na namba ya bodaboda au bajaji anayeamka usiku iwe kwenye simu ya kila mtu mzima humo ndani.

Kazi ya kipimajoto mpe kijana wako. Mtoto wa darasa la sita anajua kusoma desimali. Awe na daftari, tarehe, saa, namba. Na mwambie ukweli, kwa jina lake: mama ana saratani, dawa ndizo zitakazomfanya anyonyoke nywele (itakuwa kama wiki ya pili au ya tatu tangu dripu ya kwanza, mwambie kabla hazijaanza kubaki kwenye mto), ugonjwa hauambukizi, na si kosa la mtu yeyote. Watoto wa umri huo huwaza kwamba wao ndio waliosababisha kwa utukutu wao, na hawasemi. Yule halii kwa sababu ya paka tu. Analia kwa sababu watu wazima wanaingia na kutoka wakinong'ona, na jambo la kwanza alilolielewa katika yote ni kwamba anayempenda anaweza kuondolewa. Mkabidhi Kaniki: chakula, kucha, chanjo. Beseni la mchanga alisafishe mtu mzima.

Wifi zako uwaite, uwashukuru kwa kutaja walichofanya, kisha mgawane kazi kwa majina. Nasema kwa majina kwa sababu «tupo, ukihitaji kitu sema» humwachia mgonjwa kazi ya kuwa msimamizi. Mmoja achukue jikoni: maji ya kunywa yachemshwe, chakula kiliwe kingali moto, matunda ya kumenya, nyama iive. Wa pili achukue mlango. Kazi ya mlango ni kubwa kwetu, kwa sababu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu na hakuna anayetaka kuonekana ana roho mbaya. Wageni wapokewe barazani baada ya alasiri, wapewe kikombe cha chai, wewe uwasalimie kutoka dirishani kama una nguvu. Mwenye mafua, kikohozi au mtoto mwenye upele arudi siku nyingine. Maneno hayo yakitoka kwa wifi yanapokewa, yakitoka kwako yataonekana ni maringo.

Na yule wa mlangoni awe pia ndiye anayesema hapana kwa unga wa mizizi na chupa za dawa ambazo kila jirani ataleta kwa nia njema. Zikusanywe, zipelekwe zikaonwe na daktari. Zipo zinazogombana na dripu, na ini lako sasa hivi lina kazi ya kutosha.

Mumeo yuko mbali, lakini mbali si kazi bure. Apige simu saa ileile kila usiku, azungumze na wewe kwanza, si na dada zake. Apange ratiba yake arudi siku zile za kalamu nyekundu za dripu mojawapo, ili awepo kipimajoto kikisoma vibaya. Msomee jibu hili. Naamini aliposema mfuate wanachosema dada zake, alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi woga wake.

Umeandika kwamba nyumba imejaa na bado huna wa kuzungumza naye. Nimeiona hali hiyo kwa wagonjwa wengi kiasi kwamba siwezi kuipita. Watu wanakuja na piga moyo konde, na dua, na habari za mtu fulani aliyepona au aliyekufa, na wewe unaishia kuwafariji wao. Kaniki hakuombi uwe jasiri. Anataka dagaa na joto la miguu yako, na mikono yako ikimpapasa dakika kumi unapumua taratibu bila kujua. Hatibu saratani, asikudanganye mtu. Lakini anakuamsha asubuhi kwa sababu ana njaa, na mtu aliye kwenye dripu anahitaji sababu ndogo ya kuamka, kuketi, kutembea hadi uani. Kutembea kidogo kila siku ni mojawapo ya vitu vichache vinavyopunguza ule uchovu wa dripu ambao usingizi hauutoi.

Hata hivyo utafute binadamu mmoja wa kukusikiliza bila kukutuliza. Inaweza kuwa dada yako wa tumbo moja, au mwanamke uliyekaa naye kiti kwa kiti mkiwekewa dripu. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli si kwa kichefuchefu bali kwa kukosa hamu, au unawaza heri ufe, liseme kliniki kama unavyosema homa. Hospitali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na hao husaidia hata kwenye shida za gharama na mahali pa kufikia Dar.

Huenda baada ya dripu ukapangiwa mionzi, mara nyingi wiki 3 hadi 5, Jumatatu hadi Ijumaa, na huwezi kuwa unakwenda na kurudi Tanga. Amueni mapema nani atabaki na mtoto na Kaniki. Wifi zako wataogopa tena, kwa hiyo waambie kuanzia sasa: mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, ukitoka chumbani mle unaweza kumkumbatia mtoto na kumpakata paka jioni hiyo hiyo. Wanaotakiwa kukaa mbali na watu na wanyama kwa siku kadhaa ni wale wanaonyweshwa iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo, na wewe si mmoja wao. Ngozi ya kifua iliyopigwa mionzi tu ndiyo isiguswe na makucha.

Ukienda dripu ya pili watapima kwanza FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Omba wakusomee namba ya neutrofili na uiandike kwenye daftari la kijana: chini ya 1.0 ni tahadhari, chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Wakiahirisha dripu kwa wiki moja kwa sababu ya namba hiyo usivunjike moyo, ni jambo la kawaida. Waulize mambo mawili zaidi kabla hujapanda basi la kurudi: kama tezi za kwapa la kushoto ziliondolewa na ngapi, na namba gani ya simu unapiga usiku ukiwa Tanga.